Kirongozi Mbele, Mnyapara Nyuma: Siku ya Msafara wa Baiskeli Naivasha

Maneno yafuatayo ni ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa chama kimoja cha waendesha baiskeli. Tumeyachapa kwa kuwa wasomaji wetu wengi hupenda safari za namna hii, hasa wakati wa likizo.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya safari ya siku moja kwa baiskeli, yaani safari ya watu wengi walio pamoja chini ya kiongozi mmoja. Sikuja kuwafundisha kupanda baiskeli. Wengi wenu mlianza zamani, mkipitisha mguu chini ya chuma cha kati kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno, na makovu ya magoti yenu ni ushahidi wa kutosha. Wala sikuja kuisifu baiskeli yenyewe. Nchi hii inaijua. Ilibeba maziwa, barua, magunia ya mahindi na bibi harusi kabla ya pikipiki kuwa nyingi, na hata jina la boda boda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakati boda boda zilipokuwa baiskeli.

Neno langu ni juu ya kiongozi wa msafara, na juu ya yule apandaye nyuma ya wote. Watu wengi walipapo fedha kwa safari ya namna hii hudhani wamelipia baiskeli ya kukodi, chakula cha mchana, na mtu wa kuwaonyesha twiga. Hayo yote mtu aweza kuyapata peke yake. Asichoweza kukipata peke yake ni shauri la mtu ajuaye mahali pale, na ambaye ana moyo wa kusema “hapana” mbele ya watu waliokwisha kumlipa.

Jambo hili si geni kwetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwenda bara katika karne ya kumi na tisa ilikuwa na mtu aitwaye kirongozi, ambaye alitangulia mbele akijua njia, maji na mahali pa kulala. Tena walikuwapo wanyapara, ambao waliwasimamia wapagazi na kuangalia asibaki mtu njiani. Hawakuwekwa watu hao kwa ajili ya heshima. Mzigo ulioachwa nyuma ulikuwa umepotea, na mgonjwa aliyeachwa nyuma aghalabu hakuonekana tena. Nami nitayatumia majina hayo mawili ya wazee wetu katika mazungumzo haya, kwa sababu kazi yenyewe haikubadilika sana, ijapokuwa sasa watu huvaa kofia ngumu na viatu vya mpira.

Mahali nitakapopasimulia ni mbuga ya Hell's Gate, ambayo wengi wetu twaiita Lango la Jahanamu, karibu na Ziwa Naivasha, kadiri ya kilomita 90 kutoka Nairobi. Mbuga hii ilitangazwa mwaka 1984. Si kubwa, eneo lake ni kama kilomita za mraba 68 tu. Lakini ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama, pasipo kufungiwa ndani ya gari. Ndiyo sababu watu wa baiskeli huipenda.

Tulikutana Naivasha asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Tulikuwa watu kumi na wanne: vijana wa chuo, walimu wawili, mabibi watatu wa kazi za ofisini, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, na wengineo. Kirongozi wetu alikuwa kijana mwembamba wa maneno machache, mzaliwa wa kando ya ziwa. Mnyapara wetu alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mnene kidogo, mwenye mkoba wa vyombo mgongoni na pampu iliyofungwa kwenye chuma cha baiskeli yake.

Saa nzima ya kwanza hatukwenda po pote. Baadhi ya vijana walinung'unika, lakini mimi nadhani saa ile ilikuwa na faida kuliko nyingine nyingi. Kila baiskeli ilipinduliwa na kutazamwa. Mnyapara alizungusha magurudumu aone kama yamepinda, akaminya tairi kwa kidole gumba, akatia mnyororo mafuta, akajaribu breki moja moja. Baiskeli mbili alizikataa, zikaletwa nyingine. Kisha alitupa urefu wa viti, kila mtu kwa kimo chake, akisema kwamba mtu akaaye chini mno huumia magoti kabla ya saa sita. Kirongozi naye alitazama maji. Aliyekuja na chupa moja ndogo aliambiwa akanunue nyingine, maana ziwa lile liko kadiri ya mita 1,900 juu ya bahari, na upepo wake wa baridi humdanganya mtu asihisi jinsi jua linavyomkausha.

Kisha alitupa amri zake. Nyingine zilikuwa za kawaida, kama vile kwenda mmoja nyuma ya mwingine barabarani na kuinua mkono kabla ya kusimama. Moja nataka kuieleza zaidi. Alisema: “Mwendo wetu ni mwendo wa mtu wa mwisho. Kila mmoja na amtazame aliye nyuma yake. Usipomwona, simama. Ukisimama wewe, aliye mbele yako atakukosa, naye atasimama, na hivyo habari itanifikia mimi bila kelele.” Tazameni jinsi amri hii ilivyo na akili. Watu kumi na wanne wakienda kwa baiskeli huweza kujinyosha robo tatu ya kilomita. Sauti haifiki, na simu mara nyingine haishiki. Lakini kwa desturi ile ya kutazama nyuma, msafara mzima unakuwa kama kamba moja; ukiivuta ncha moja, ncha ya pili inajua.

Tuliingia kwa lango liitwalo Elsa. Mara tu mtu apitapo hapo huona majabali mekundu yamesimama kushoto na kulia kama kuta za mji, na katikati nchi tambarare ya nyasi. Mbele kidogo husimama mnara wa jiwe, mrefu kadiri ya mita 25, ambao ni mabaki ya moto wa ardhi ulioganda zamani ndani ya shimo lake, kisha udongo wa kando ukaondoka. Mnara huo huitwa kwa jina la Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani aliyefika Naivasha mwaka 1883 na msafara uliotoka Pangani, akazuiwa na Wamaasai asiendelee mbele. Wamaasai wenyewe wana habari yao nyingine. Husema jiwe lile ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mume, akakatazwa asigeuke kutazama nyumbani kwao, naye akageuka, akawa jiwe. Mzee wetu wa reli aliposikia hayo alicheka akasema basi sisi tumeamriwa kinyume chake, tugeuke kila mara.

Pimbi wengi wamekaa chini ya mnara ule wakiota jua, wala hawaogopi watu. Msiwape chakula. Nyani pia wapo, nao wamejifunza kufungua mikoba.

Njia kutoka lango mpaka korongo la Ol Njorowa ni kadiri ya kilomita saba au nane, nayo inateremka polepole hata mtu hatambui kwamba anateremka. Hujiona ana nguvu nyingi. Hapo ndipo vijana wetu wanne walipoanza kushindana, na vumbi likapanda nyuma yao kama la ng'ombe. Kirongozi hakuwafokea. Alikwenda mpaka kwenye mti wa kwanza wenye kivuli, akashuka, akawaambia wakae chini wangoje wengine. Walingoja karibu robo saa. Walipotaka kuondoka mara tu mtu wa mwisho alipofika, aliwazuia tena, akasema, “Aliyefika sasa hivi hajapumzika. Ninyi mmepumzika robo saa.” Nimekwenda misafara mingine ambako jambo hili halikufikiriwa: wenye nguvu hupumzika kila kituo, na mchovu hafiki ila kuona migongo yao ikiondoka. Mtu wa namna hiyo atakwenda siku nzima bila kupumzika hata mara moja, ilhali yeye ndiye aliyehitaji zaidi.

Punda milia walikuwa wengi kando ya njia, na swala, na kongoni, na ngiri waliokimbia mikia juu. Twiga saba walivuka mbele yetu. Juu ya majabali tuliona tumbusi wakizunguka, kwani huko ndiko wanakojenga viota vyao. Nyati tuliwaona mara moja, kama thelathini, mbali kidogo upande wa kulia. Kirongozi aliinua mkono, tukasimama sote, tukashuka, tukakusanyika karibu karibu bila kusema. Mtu mmoja alitaka kusogea apate picha nzuri zaidi. Kirongozi alimshika usukani wa baiskeli yake, hakusema neno. Tukangoja mpaka kundi lilipokwenda zake.

Mbele ya hapo bibi mmoja alichomwa tairi na mwiba wa mgunga. Sasa mtaona faida ya mnyapara. Bibi yule alikuwa wa pili kutoka mwisho. Kama hapangekuwa na mtu nyuma yake, angejikuta peke yake na baiskeli isiyokwenda, na nyati tuliowaacha hawakuwa mbali. Lakini mnyapara alikuwa amekwisha kushuka kabla yeye hajashuka. Alilegeza gurudumu, akatoa mpira, akautia mate hapa na pale mpaka alipoona mapovu, akausugua, akapaka gundi, akangoja ikauke kidogo, akabandika kiraka. Kisha alifanya jambo ambalo wengi wetu hulisahau: alipitisha vidole polepole ndani ya tairi, akauona ule mwiba bado umo, akaung'oa. Asiyefanya hivyo hubandika viraka siku nzima. Kazi yote haikuzidi dakika kumi na tano, na huko mbele msafara ulikuwa umesimama wote, ile kamba ikiwa imevutwa.

Sasa nafika kwenye korongo, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Korongo la Ol Njorowa lilichimbwa na maji. Zamani sana Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, likafurika na kutokea upande huu, na maji yale yakakata mwamba. Mtu huteremka ndani kwa miguu, baiskeli zikibaki juu. Mahali pengine kuta zinakaribiana hata waweza kuzigusa zote mbili kwa mikono. Vijito vya maji ya moto hutoka mwambani, kwa kuwa chini ya nchi ile mna moto. Ni moto huo huo utoao mvuke wa Olkaria, ambako tangu mwaka 1981, ilipoanza mashine ya kwanza ya megawati 15, mvuke wa ardhi umekuwa ukigeuzwa kuwa umeme. Korongo ni zuri, sitaki kuwadanganya. Watu wengi huja Hell's Gate kwa ajili yake tu.

Lakini ni zuri na tena lina hatari yake. Mvua ikinyesha juu vilimani, maji hukusanyika kutoka kila mfereji na kuingia yote katika njia ile moja nyembamba. Aliye chini haioni mvua ile. Juu yake yawezekana mbingu ni ya buluu na mchanga chini ya miguu ni mkavu. Kisha maji huja na matope na mawe na magogo, nayo hupanda kwa dakika chache tu, na mahali pa kupandia kutoka nje si pengi. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 vijana waliokuja kutembea na kundi la kanisa walikutwa na maji hayo, wakafa watu saba. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 wakafa tena watu saba, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa wageni, mtu wa pale pale. Baada ya msiba huo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilifunga korongo kwa muda.

Siku yetu tulifika ukingoni karibu saa sita. Jua lilikuwa kali. Upande wa vilima palikuwa na wingu moja zito, jeusi chini, nalo lilikuwa mbali. Kirongozi alilitazama, akasogea kando, akasema na walinzi na viongozi wengine wa pale kwa lugha yao. Aliporudi alisema, “Leo hatuteremki.”

Mabwana, laiti mngalisikia maneno yaliyofuata! Mmoja alisema amelipa. Mwingine alisema ametoka Nairobi saa kumi usiku kwa ajili ya korongo, si kwa ajili ya ngiri. Kijana mmoja alionyesha simu yake, ambayo ilisema hakuna mvua Naivasha. Mwalimu mmoja, mtu mpole, aliuliza kama haiwezekani kuingia kwa robo saa tu, karibu na mlango, kisha watoke upesi. Swali hilo lilikuwa la hatari kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la adabu, na mtu huona haya kulikataa.

Kirongozi alijibu kwa utaratibu. Alisema simu inajua mvua ya mjini, haijui mvua ya kilimani. Alisema robo saa ya kuingia ni robo saa nyingine ya kutoka, na kwa watu kumi na wanne wenye mwendo mbalimbali ni zaidi. Juu ya fedha, alisema sehemu ya korongo atairudisha. Halafu aliketi juu ya jiwe, akaanza kugawa chakula.

Mtaniuliza, je, maji yalikuja? Hatukuona. Wingu lile lilikaa vilimani karibu saa moja, likaelekea kwingine, na sisi ukingoni hatukupata hata tone. Wawili wetu walirudi nyumbani wakisema kwamba wamenyimwa haki yao, na labda hata leo wanasema hivyo. Mimi nasema kirongozi yule alifanya kazi yake sawasawa. Shauri la namna ile halipimwi kwa yaliyotokea baadaye, hupimwa kwa yale aliyoweza kuyajua wakati ule. Alijua wingu liko wapi, alijua mahali maji yapitapo, alijua watu wake ni wangapi na yupi miguu yake ni mizito. Kama angaliingoja hakika, angaliipatia ndani ya korongo. Tena alikuwa peke yake mbele ya watu kumi na watatu wenye hasira, ambao ndio wampao riziki, na kijana wa umri wake apataye ujira kwa siku hawezi kusahau jambo hilo. Wenye kampuni za safari na wafikiri: je, kiongozi wao akirudisha watu kwa sababu ya wingu, atalipwa siku yake, ama atakatwa? Kama atakatwa, basi wao wenyewe wanamsukuma aingie.

Kurudi kulikuwa kazi. Ule mteremko uliotufurahisha asubuhi sasa ulikuwa mlima, na upepo ulitukabili usoni. Vijana wanne wa vumbi walikuwa kimya. Bibi aliyetobokewa tairi, ambaye tangu asubuhi alikwenda polepole kwa gia nyepesi, aliwapita wawili wao bila kuwatazama. Mzee wetu wa reli alishuka mara mbili akaisukuma baiskeli yake, na mnyapara akashuka pia, wakitembea pamoja na kuongea habari za gari la moshi, kana kwamba walikuwa wamepanga hivyo tangu mwanzo. Hilo nalo ni la kazi ya mnyapara: mtu asione haya kuwa wa mwisho.

Tulifika langoni saa tisa na nusu, tukahesabiwa, wote kumi na wanne.

Basi kwa ninyi mnaotaka kwenda, nina machache ya kuongeza. Mvua za masika huko ni kuanzia Machi mpaka Mei, na za vuli ni Oktoba mpaka Desemba, ingawa msiba wa mwaka 2019 ulitokea nje ya miezi hiyo, kwa hiyo msiitegemee kalenda peke yake. Anzeni mapema, kabla jua halijawa kali. Kabla ya kulipa, ulizeni nani atakuwa nyuma, na kama ana kiraka na pampu. Ulizeni pia langoni kama korongo liko wazi siku hiyo. Kisha mwulizeni kiongozi wenu ni lini mara ya mwisho aliwakataza watu wasiteremke, mkasikilize atakavyojibu.

Nami sasa niko tayari kwa maswali yenu, Bwana Mwenye Kiti akiruhusu.